Mika Hageuki

Mimi ni MC wa sherehe. Kama umemuaga binti Uyole au umehudhuria kitchen party Isyesye miaka hii ya karibuni, huenda ni mimi niliyemwinua shangazi yako acheze huku goti linamuuma. Jina langu Esnath. Kazi yangu ni kuita watu, nao waitike. Nikisema "Vigelegele viko wapi?" hata babu aliyesinzia meza ya nyuma anashtuka na kupiga. Ndiyo maana nilichelewa sana kukubali kwamba mwanangu mwenyewe, ninayemwogesha na kumvalisha, hageuki nikimwita.

Mika alizaliwa salama, akakaa kwa wakati, akatembea kwa wakati. Kabla hajafikisha mwaka na nusu alikuwa na maneno mawili, "taa" na "maji", na nilihakikisha Mbeya nzima inajua. Halafu maneno yakapotea. "Taa" ilitangulia, "maji" ikafuata. Nikasema anajipanga. Huyu ni mtoto wa MC, nikasema, akirudi atarudi na hotuba nzima.

Alikuwa hanitazami usoni. Nikasema ana haya. Akitaka maji alinishika mkono, akanikokota hadi kwenye ndoo, akaubandika mkono wangu juu ya kikombe kama vile mkono ni kijiko na hauna mwenyewe. Nikasema hiyo ni akili. Alipanga viazi sebuleni mstari mmoja ulionyooka kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, na ukigusa kiazi kimoja tu alilia mpaka majirani wakachungulia. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Injinia wetu." Watu wakapiga makofi. Mjomba wangu Asukile akauliza kama hivyo viazi vinauzwa.

Siku moja hofu iliniingia kwamba hasikii. Nikampima kwa utaalamu wangu. Nilitoa spika za kazi, nikazipanga sebuleni, nikashika maiki na kusema, "Mikaaa!" Mbuzi wa jirani alikata kamba. Mika aliziba masikio kwa viganja, lakini hakugeuka. Macho yalibaki kwenye gurudumu la baiskeli alilokuwa analizungusha. Jioni hiyo nikafungua pakiti ya biskuti jikoni, taratibu, ili nile peke yangu. Kabla sijatoa ya kwanza, Mika alikuwa amesimama miguuni kwangu. Kumbe anasikia! Nikahitimisha kuwa amemfuata baba yake: ananisikia vizuri, ila amechagua.

Baba yake ni Liberatus Kalinga, Mhehe wa Kihesa, fundi wa majokofu. Anaweza kushinda na friji bovu kutwa nzima bila kusema neno, na nashuku ndiyo sababu anayapenda. Ndoa yetu ilikuwa na mpangilio mzuri. Mimi nilisema, yeye alitengeneza.

Desemba iliyofuata, Frida, mdogo wake Liberatus, alikuwa anaagwa Iringa. Suala la MC halikujadiliwa, wangenikwepa vipi? Tukapanda gari la asubuhi. Chimala, wauza mahindi walipogonga vioo, Mika alianza kulia, na alilia mpaka tukapita Makambako. Abiria mmoja akasema mtoto ana njaa. Mwingine akasema tumbo. Mama mmoja akasema kadekezwa. Nilikubaliana na kila mmoja kwa zamu yake.

Mama mkwe wangu, mama Verediana, alitupokea uani.

"Kamwene, mama," nikamwamkia, nimepiga goti.

"Kamwene, mama Mika. Mbona mjukuu wangu hanitazami?"

"Safari imemchosha, mama."

"Haya. Hata baba yake alichelewa kusema. Na alipoanza, neno la kwanza lilikuwa 'sitaki'."

Tukacheka wote. Niliingia ndani nimefarijika kabisa.

Faraja hiyo ilidumu mpaka kesho yake asubuhi. Nilikuwa uani nakata vitunguu vya pilau, na karibu yangu alicheza Blessing, mtoto wa dada yao mkubwa, mdogo kwa Mika kwa wiki chache. Kunguru akatua juu ya bati. Blessing akanyoosha kidole. "Ee!" akasema. Akanigeukia, akamtazama kunguru, akanigeukia tena kuhakikisha kama nimeona. Hakuwa anataka apewe kunguru. Alitaka tu tumtazame wawili. Baada ya hapo akanionesha bata, akanionesha ndoo, akanionesha pua yangu, na kila mara macho yake yalirudi usoni kwangu kama mtu anayesema, "Umeona na wewe?"

Kisu kikasimama kwenye kitunguu. Nilijaribu kukumbuka siku ambayo Mika alinionesha kitu. Kitu chochote. Nikamwendea pale alipokuwa anazungusha mfuniko wa sufuria, nikanyoosha kidole kwa yule kunguru.

"Mika, ona! Ona kunguru!"

Hakumtazama kunguru, wala hakunitazama mimi. Aliukamata mkono wangu ulionyooka, akaushusha hadi kwenye mfuniko uliokuwa umesimama, niuzungushe. Nikauzungusha.

Nikachukua simu, nikajifungia kwenye stoo ya mahindi, nikaanza kupitia video zake. Ninazo nyingi, maana mimi ni mtu wa kurekodi. Katika zote kulikuwa na sauti moja tu, ya kwangu: "Mika, cheka! Mika, mwambie bibi hujambo! Mika, tazama huku!" Na mtoto anatazama kule. Anacheka, ndiyo, lakini anacheka na kivuli ukutani, na pazia, na maji yanayodondoka. Hapakuwa na hata moja ambayo ananyoosha kidole na kunitafuta kwa macho.

Mtu mwenye akili timamu angetoka humo stoo akamwita mumewe. Mimi nilitoka nikaenda kuvaa gauni la dhahabu.

Kwenye ratiba ya sherehe, ratiba niliyoiandaa mwenyewe, kulikuwa na kipengele cha Mika kumpelekea shangazi yake ua. Ningeweza kukifuta. Sikukifuta. Nadhani nilitaka ukumbi mzima unihakikishie kwamba nilichokiona uani sikukiona. Kwa hiyo, Frida alipokwisha kuketi na watu wameshiba, nikaita kwa sauti yangu ya kazi, "Na sasaaa, mpokeeni bwana mdogo Mika!" DJ naye, kwa upendo, akapandisha muziki.

Mika aliziba masikio, akapiga yowe, akatumbukia chini ya meza ya keki na kuvuta kitambaa. Keki ilipona kwa sababu Liberatus aliikumbatia. Suti yake haikupona. Watu wakacheka, nami nikadakia kwenye maiki, "Jamani, mtoto wa MC ameomba keki mapema!" Wakacheka zaidi. Nilikuwa na utani mwingine tayari mdomoni, mzuri kuliko huo, nilipoinama na kuinua kitambaa.

Mika alikuwa anagonga kichwa chake kwenye mguu wa meza, macho ameyafumba kwa nguvu.

Ule utani sijausema mpaka leo. Nikazima maiki. Ukumbi ukawa kimya, na mtu mmoja nyuma akasema, "Umeme umekatika," ingawa taa zote zilikuwa zinawaka.

Tulimtoa nje, tukakaa kwenye ngazi, mbali na spika. Liberatus alimfunika Mika kichwa kwa koti na kumkumbatia kwa kumbana hivi, na mtoto akatulia polepole. Nilishangaa kumbe anajua kumtuliza. Alijifunza lini?

"Baba Mika," nikasema, "huyu mtoto ana kitu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu maneno yalipopotea."

"Na hukuniambia!"

"Nilianza kukuambia. Si mara moja." Akafuta krimu kidevuni. "Ukawa unaongea."

Nilikuwa na majibu mengi, na mengine yalikuwa makali kwelikweli. Nikayatazama yakipita. "Ulitaka kusema nini?" nikamwuliza.

Alilivuta koti vizuri juu ya masikio ya Mika. "Kuna kitu kinaitwa usonji. Nilisoma kwenye simu kule karakana. Mtoto haitiki jina lake, haoneshi vitu, kelele zinamuumiza, anapanga vitu, maneno yanakuja halafu yanaondoka. Nikasema, huyu ni Mika. Halafu nikasema, mimi ni fundi friji, ninajua nini. Inabidi apimwe na anayejua." Akashusha sauti. "Na mimi niliogopa, mama Mika. Ilikuwa rahisi kukuachia wewe uongee."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema siku ya ndoa yetu, na siku ile alikuwa na karatasi.

Frida akatoka, amenyanyua gauni kwa mikono miwili. "Wifi, kwani nani ananiaga?" Alipotuona tulivyokaa, hakuuliza tena, alimbusu Mika juu ya koti akarudi ndani. Baba yao mdogo Yohane alichukua maiki, akatoa nasaha za ndoa ambazo, nimeambiwa, bado kuna watu hawajapona.

Kulipokucha mama Verediana hakuridhika. "Hospitali ya nini? Subirini, atasema tu."

"Mama," akasema Liberatus, "akisema kabla hatujafika, tutageuza gari turudi tushangilie. Lakini tunakwenda."

Tuliporudi Mbeya tukaelekezwa kwa daktari wa watoto, mama mmoja mtulivu aitwaye Dokta Ipyana. Kwanza alitutuma tumpeleke Mika akapimwe masikio. Masikio yalikuwa mazima, jambo ambalo biskuti zilishathibitisha. Halafu akaketi naye mkekani na vitu vya kuchezea, akimtazama, akituuliza maswali. Mimi nilijibu kila swali kuanzia siku ya uchumba.

"Mama Mika," akanikatiza kwa upole, "nimeuliza kama anaonesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione. Ndiyo au hapana?"

"Hapana," nikasema. Halafu nikalia, kwa sababu kumbe neno fupi ni zito kuliko marefu yote.

Tulirudi kwake mara kadhaa kabla hajalitamka: ni usonji. Nikamwuliza lile lililokuwa linaninyima raha tangu Iringa. Je, ni mimi? Ni spika zangu? Ni kuongea kwangu?

"Hapana. Hukumsababishia. Wala si chanjo, wala hakuna aliyemroga. Amezaliwa na ubongo unaoipokea dunia kwa namna yake. Nyinyi mmemleta bado mdogo, na hilo litamsaidia. Wengi huja baada ya shule kumrudisha mtoto."

Nikafarijika. Kisha akaniambia mazoezi ya nyumbani, faraja ikaisha. Keti chini uso wako ulingane na wake. Fuata anachokitazama yeye. Sema neno moja. Halafu ngoja.

Ningoje! Mimi! Jaribio la kwanza nilisema "viazi", nikafunga mdomo, nikahesabu moyoni, na kabla sijafika tatu tayari nilikuwa nasema, "Hivi ni viazi, Mika, viazi vya Uyole, viazi vitamu kweli." Liberatus ndiye aliyekuwa bingwa. Aliketi sakafuni, akasema "kiazi", akangoja kama anayesubiri friji ligandishe. Na Mika akawa anamsogelea yeye. Niliona wivu, sifichi.

Nikautuliza wivu huo kwa kuwa mtaalamu. Mwezi mzima sikuona mtoto mtaani bila kumpima. Niliita majina, nilinyoosha vidole juu kwenye miti, nikaangalia nani anatazama. Mtoto wa jirani yangu mama Zabron alijificha nyuma ya sketi ya mama yake kila nilipomwita, nikamshauri kwa uchungu mkubwa ampeleke hospitali.

"Mama Mika," akaniambia, "mwanangu hana usonji. Anakuogopa wewe."

Nilipunguza. Siku hizi mzazi akinifuata baada ya sherehe, akaniambia mtoto wake haitiki au ameacha maneno aliyokuwa nayo, simpimi. Namwambia asingoje, aende kwa wanaojua. Sherehe zenyewe nimeziendeleza, maana ndizo zinazotulisha, ila spika hazilali tena nyumbani.

Mika sasa anakaribia miaka minne. Kuna siku ngumu. Kuna siku anakataa nguo zote isipokuwa fulana moja, na hiyo moja imelowa. Anakwenda kwa mtaalamu wa mawasiliano, ambaye anamfundisha kwa picha na kwa maneno machache, na mama Verediana hupiga simu kila Jumapili kuuliza, "Amesema?"

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani tunakunywa chai kabla ya ibada. Nilikuwa namsimulia Liberatus kuhusu bibi harusi aliyekataa kulia na mama yake aliyemfinya. Simulizi ilikuwa ndefu, na nilikuwa nimefika penyewe hasa. Mika alikuwa kwenye kiti chake na mkate. Akauweka chini. Akanitazama, usoni, machoni.

"Basi," akasema.

Nikaruka. "Baba Mika, umesikia? Basi! Unataka basi, mwanangu? Unataka twende Iringa kwa bibi? Tupande basi kubwa, lile la..."

Mika akainuka, akaja mpaka nilipo, akaniwekea kiganja mdomoni, kikiwa na siagi.

"Basi," akasema tena, taratibu, kama mtu anayemwelewesha mgeni.

Liberatus aliweka kikombe chini, akatoka nje. Nilimsikia huko uani anacheka, kicheko nisichowahi kukisikia, kinachopanda na kukatika katikati na kupanda tena, mpaka akaegemea tangi la maji. Mimi nilibaki nimekaa na siagi mdomoni, machozi yananitoka, na simu mkononi, nikitafuta namba ya Iringa.