Koplo Ngui Apanga Maharagwe

Jumapili moja mchana, Julai ya mwaka wa themanini na tatu, Kasyoka, msichana wa darasa la sita, alimfuata babake Ngui uani kule Mutuini, daftari mkononi.

"Baba, mwalimu anataka tuandike vile jeshi imepangwa. Nimemwambia utanisaidia, juu wewe uko huko."

Uko huko! Ngui aliinamisha kichwa. Tangu atoke kizuizini mwezi wa Machi, mkewe Munyiva alikuwa akiwaambia watoto kwamba baba yuko likizo. Likizo gani ya miezi minne? Lakini waliisadiki, na yeye, kwa woga wake, akawaacha waisadiki.

Alivuta uteo ambao Munyiva alikuwa akichagulia mahindi na maharagwe ya githeri. "Haya, tazama. Maharagwe ni askari, mahindi ni maofisa. Askari kumi hivi, hiyo seksheni, na mkubwa wao ni koplo. Seksheni tatu, platuni. Hapo kuna sajini na luteni. Platuni zikiungana, kombania, iko chini ya meja." Vidole vilimchangamka, kwa dakika chache alikuwa mtu tena. "Amri inatoka juu, inashuka. Hairudi."

"Wewe ni gani?" akauliza Haron, kitinda mimba wake, aliyekuwa amesogea kutazama.

Ngui akamwonyesha punje ya koplo.

"Na mkubwa akikuambia ufanye kitu mbaya?" Kasyoka akadakia.

"Unafanya. Utauliza baadaye."

Jibu lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka miaka kumi na mmoja jeshini. Asubuhi ile ya Agosti mwaka uliopita, sajini alipomwambia afungue ghala la bunduki, alipiga saluti akafungua. Baadaye sajini akaapa kwamba hakumwamuru mtu.

Uongo ulikuwa umemchosha. "Kasyoka, mimi siko likizo. Nilifukuzwa. Jeshi letu la wanahewa lenyewe lilivunjwa. Wale walitaka kupindua serikali, mimi ndiye niliwafungulia bunduki. Sajini aliniamuru."

Kasyoka akaiokota punje ya koplo.

"Si ungemuuliza tu kwa nini?"

Swali hilo lilimuuma Ngui kuliko miezi yote ya kizuizini.

Msichana akachukua raba. Juu kabisa ya ukurasa alikuwa ameandika kwa penseli, kwa hati yake nzuri: Baba yangu ni koplo. Akafuta, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka.