Kibarua wa Kutikisa Maua

Saa mbili na nusu asubuhi Justa alishamaliza mistari minne, na jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka visiginoni. Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Unashika fimbo ya mwanzi iliyofungwa kitambaa kichwani, unagonga kamba iliyoushikilia mche wa nyanya, pa, pa, pa, mche unatetemeka, ua linajimwagia unga wake wa njano humo humo ndani, na baada ya siku chache unaona kijinyanya kimefunga. Huko nje kazi hiyo hufanywa na upepo na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ndani ya kitalu nyumba, kulikozungushiwa nailoni na wavu usiopitisha hata mbu wa Ifakara, nyuki alikuwa Justa.

Na alikuwa nyuki mwenye bidii, hilo nani atabisha? Kila siku ya Mungu, Jumapili akitoka misa ya kwanza. Mistari kumi na miwili, miche mia tano, halafu saini kwenye kitabu cha mahudhurio kilichoning'inizwa mlangoni. Hakuwa na pengine pa kwenda. Shamba lake la mpunga kule bondeni lilibaki upande wa pili wa vigingi vya hifadhi, kusikoruhusiwa kulima tena, na elfu tano ya kutwa ya kitalu ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake mzee. Mchele wenyewe, hapa hapa kwenye mpunga, unauzwa kana kwamba tunaletewa kwa ndege!

Tatizo lilikuwa chini, miguuni pake. Maua yalikuwa yanaanguka. Kikonyo kinageuka njano, na ukigusa kamba tu, ua hilo chini. Jana alifagia nusu ndoo. Leo kipimajoto cha mlangoni kilikuwa kimeshafika digrii thelathini na sita, na watu hata chai hawajanywa. Saa sita kingefika arobaini na mbili. Justa hakusoma kilimo popote, lakini macho anayo. Asubuhi na mapema ukilisugua ua kwenye kucha, unaona unga. Adhuhuri huoni kitu, umegandana humo ndani. Alimwambia bwana shamba wa mradi, kijana Osward, mara tatu.

"Tikisa zaidi, mama," Osward alimjibu mara zote tatu.

Dawa ilijulikana, nayo ni neti ya kivuli. Ililetwa na mradi, bunda zima, kijani kilichokolea. Ikalala stoo wiki moja, kisha ikaonekana imetandazwa juu ya banda la kitimoto la Mzee Fulgensi, mwenyekiti wa kikundi cha kitalu, pale njia panda. Kivuli safi kabisa. Wajumbe wote walishakaa chini yake wakala nyama wakashiba, na wote walinyamaza.

Saa tano wajumbe wakaja, Osward akiwa mbele.

"Shikamoo, mama."

Justa akashtuka. Miezi mitano kijana huyu alikuwa akimsalimu "mambo vipi" kama rika lake. "Marahaba," akajibu, na hapo hapo akajua kuna jambo.

Walikaa kwenye kibanda cha pampu, wajumbe watano na Osward kwenye viti vya plastiki, Justa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Konsolata, katibu, jirani yake na mwenzake wa kwaya, alifungua daftari la mihtasari bila kumtazama.

"Wageni wa mradi wanakuja Alhamisi kutoka Morogoro," Mzee Fulgensi alianza. "Wanataka kuona nyanya. Tutawaonesha nini, majani?"

"Kitaalamu tunaita uchavushaji hafifu," Osward akasema. "Yaani, kuna changamoto upande wa utikisaji."

"Natikisa kila siku, mzee," Justa akasema. "Kitabu kile pale mlangoni."

"Kileteni."

Konsolata akakifuata, akasoma kwa sauti ndogo. Mwezi juzi siku thelathini na moja, saini thelathini na moja. Mwezi ulioisha jana siku thelathini, saini thelathini.

Mzee Fulgensi alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Sasa hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Justa, wewe ni mtu mzima, mila unazijua. Bustani ya maboga, ya matango, ya nyanya, mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii. Akiingia, maua yanapukutika. Wewe umeingia thelathini kwa thelathini. Siku zako ulizipeleka wapi?"

Loo! Bidii yake ndiyo ikawa ushahidi. Angekuwa mvivu wa kutegea kila juma, leo angekuwa salama salimini.

Justa akamgeukia Osward. "Bwana shamba, wewe umesoma. Waambie ni joto. Kipimajoto si unakijua?"

Osward alikuwa anaisugua simu yake kwa kidole gumba. "Kisayansi hilo la mila halijathibitishwa," akasema bila kuinua uso. "Lakini mimi siwezi kuja hapa kupingana na wazee."

Diploma nzima, na serikali ilimsomesha! Justa akamwacha, akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee," akasema, "unanivua nguo mbele za watu. Basi acha nijivue mwenyewe. Mimi nilishakoma. Mwaka wa tatu huu sijaona damu."

Pampu ikasikika inavuta maji. Viktor, mjumbe aliyekaa pembeni, akakohoa, akatazama viatu vyake. Aibu ilimuunguza Justa masikio, maana hata mama yake mzazi hakulijua jambo hilo, na leo ameliweka mezani kwa wanaume watano. Lakini chini ya aibu kulikuwa na nafuu. Kazi yake ameiokoa.

Mzee Fulgensi akarudisha miwani usoni.

"Kumbe!" akasema. "Basi tumelipata tatizo lenyewe. Ua linatikiswa na mkono uliokoma, mimba litaishikaje? Wajumbe, au nakosea?"

"Hiyo ina mantiki," Viktor akasema.

"Ina mantiki," wengine wakaitikia.

Justa alisimama. "Nikiwa nayo damu, kosa. Nikiwa sina, kosa. Haya, na neti ya kivuli iko wapi, mzee?"

Osward akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Hilo halimo kwenye ajenda," Mzee Fulgensi akasema taratibu.

Kalamu ya Konsolata ilikuwa imeshaandika *neti ya ki*. Akaikata kwa mstari mmoja.

"Andika, Konsolata."

"Dada Justa, jamani…" Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini kalamu hakuinyanyua. Kwa dakika ile Justa alimchukia yeye kuliko mwenyekiti.

Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko salamu. Noela, binti wa mdogo wake Mzee Fulgensi, miaka kumi na tisa, angeanza leo leo, na siku zake angekaa nyumbani. Alikuwa ameshafika, amesimama kwenye mlango wa kitalu na kanga kiunoni. Justa amwoneshe kazi, kisha akabidhi. Muhtasari ukasema ameachishwa kwa kutozingatia taratibu za kitalu.

"Weka saini hapa," Konsolata akanong'ona.

"Saini zangu mnazo sitini na moja," Justa akasema. "Zinawatosha."

Angeweza kuondoka zake. Lakini yule binti alikuwa ameishika fimbo kichwa chini, na huruma ikamshinda. Wakaingia. Joto liliwapokea kama mvuke wa sufuria.

"Usipige mche, piga kamba. Uanze mapema, mbili kamili. Saa hizi unajichosha bure."

Noela hakusogea. Akachungulia nje, kisha akasogeza mdomo karibu na sikio la Justa.

"Mama, mimi leo niko kwenye siku zangu. Tangu jana. Nimeshindwa kumwambia baba mkubwa. Nifanyeje?"

Kicheko kilimtoka Justa mara moja tu, kikakatika.

"Tikisa."

"Yakianguka?"

"Yataanguka."

"Watasema ni mimi."

"Basi siku hizo njoo ufanye kazi, maana maua hayangoji, lakini kitabuni usisaini. Wajue umekaa kwenu."

Noela akafikiri. "Si hawatanilipa?"

"Hawatakulipa."

"Siku tano kila mwezi, mama? Na kazi nimefanya?"

"Na kazi umefanya."

Noela akainua fimbo, akagonga kamba ya kwanza. Maua matatu yakaanguka. Akageuka haraka kutazama mlangoni kama kuna aliyeona.