Vidole Vinne Kutoka Kitakoni

Uvumi ulimganda mama kama kupe: fundi mmoja alikuwa akisafisha gobore, likalia, likamng'oa vidole. Lisemwalo lipo, alijiambia, akaenda mbio karakana anakofanya kazi bintiye.

Binti alikuwa ameshachemsha maji ya sabuni, na gobore kuukuu la mteja limelala mezani.

"Mwanangu, umelipima hilo?"

"Mama nawe! Mwenyewe kasema ni tupu."

"Vidole atakupa vyake?"

Binti akacheka. Ili mama atulie, akateremsha ufito ndani ya mtutu mpaka ukagota, akautia alama penye mdomo wa mtutu, kisha akautoa na kuulaza sambamba na mtutu kwa nje, alama mdomoni. Ncha yake ilikuwa imeishia upana wa vidole vinne kabla ya kitako, pale mtutu unapozibwa. Ndani mlikuwa na baruti.

Kicheko kikamkauka. Akamimina maji baridi mtutuni, baruti ilowe. Mama akaushika mkono wake, akahesabu vidole kimoja kimoja, kama siku aliyomzaa.

Basi, wenye magobore:

Usiamini neno "tupu" kabla ya kupima.
Usichungulie mdomo wa mtutu.
Usisafishe karibu na moto, hata wa sigara.
Usiache maji ndani. Kausha, ndipo upake mafuta.