Koti la Masatu Juu ya Kiti

Dafroza alikuja kutoka Kiriba na koti la harusi la mumewe, Masatu, akataka nilipige picha. Ziwa lilikuwa limemmeza Masatu na halikumrudisha, na maishani mwake hakuwahi kupigwa picha hata moja. Ndugu waliamua kuzika koti badala ya mwili. Shemeji yake, Bernado, alikaa na jeneza nje ya studio yangu akilingoja koti hilo.

"Fundi Twalib, nibakizie kitu cha kuangalia," Dafroza aliniambia.

Mwaka ule wa themanini na tatu hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse filamu. Kamera yangu ilibakiwa na picha moja tu, na Musoma nzima hapakuwa na filamu nyingine. Nikikosea, koti linaingia kaburini na mama wa watu anabaki mikono mitupu. Niliogopa, nisiseme uongo.

Mimi napenda kupiga vitu kuliko watu. Vitu havipepesi macho. Nililivika koti kiti, nikakisogeza dirishani lipate mwanga wa ubavuni, maana taa ya kamera ingeua mikunjo yote. Upande wa kivuli nikatundika shuka jeupe lirudishe mwanga. Nikabana tundu la lenzi ili kila mshono uonekane. Tundu likiwa dogo, lenzi lazima ikae wazi kwa muda, na chochote kikitikisika kinatoka na ukungu. Nikafunga mlango na dirisha la kioo upepo usiingie, nikamwambia Dafroza asisogee, nikapiga.

Alasiri umeme uliporudi nikasafisha picha. Kiti kilitoka safi, mpaka misumari yake. Ukuta safi. Koti ndilo lilikuwa na ukungu, mabegani na mikononi, kana kwamba aliyelivaa alikuwa anageuka. Nilitamani kuichana picha ile.

Dafroza aliishika. "Ndivyo alivyokuwaga," akasema. "Hata kanisani alikuwaga hatulii."

Akalikumbatia koti, akasimama mlangoni. "Shemeji, rudi na jeneza lako. Siziki mtu anayetikisika."

Bernado akanifuata ndani. "Fundi, mwambie kamera ndiyo ilitikisika. Mwambie tu, tumzike ndugu yetu."

Kamera ikitikisika, hata kiti kinatoka na ukungu. Neno moja la uongo lingetosha, na wote wawili walikuwa wananitazama mdomoni. Nikatikisa kichwa.

Jeneza lilizikwa tupu. Tangu siku ile Dafroza hafungi mlango wa nyumba yake usiku.