Ubao Usiochelewa

Baba alisema mara moja tu, na baba akisema mara moja huwa amemaliza. Nimkatie duara kwenye bamba la chuma kwa hiyo kompyuta yangu. Likifunga vizuri, mwanzo na mwisho vikutane, atabaki na mashine yake ya kuchonga. Lisipofunga, atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Alikuwa fundi mchongaji wa vyuma maisha yake yote, na mashine ile, iliyojaza nusu ya chumba cha uani, ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Daktari akampa vidonge na jina refu la ugonjwa, lakini mikono haikusikia. Baba akafunga karakana, akahamia kwenye kiti cha sebuleni, ameshika tama, anautazama ukuta. Mama akanivuta pembeni.

"Wewe si ndiye fundi wa kompyuta? Fanya kitu basi. Huyu akiendelea kukaa hivi, tutamzika angali hai."

Mimi ukiniambia jambo haliwezekani umenichokoza. Nikafunga mota tatu kwenye mashine: moja ya kwenda kushoto na kulia, moja ya mbele na nyuma, moja ya juu na chini. Kompyuta ingezipa mota amri, na chuma kingechongwa pasipo mkono wa mtu. Kilichobaki ni kuchagua mazabodi, ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake.

Hapo ndipo kiburi kiliponiponza. Nilichukua ubao mpya kabisa, wenye kasi ya ajabu na vitaa vya rangi ambavyo sijui vilikuwa vinamsherehekea nani. Kumbe mota haina shida na kasi. Mota inataka kila amri ifike kwa wakati wake, basi. Ubao ule ulikuwa na shughuli nyingi mno: mara ubane matumizi ya umeme, mara uendeshe feni, mara ukumbuke mambo yake mengine, na chuma kinasubiri. Programu ya kupima ucheleweshaji ilionyesha namba zinazoruka ovyo. Tena haukuwa na lile tundu pana la printa za zamani, ambalo ndilo njia rahisi ya kupeleka amri kwenye mota. Niliung'oa kwa hasira hadi skrubu moja ikarukia chini ya kabati, na sikuinama kuitafuta.

Wa pili niliutoa kwenye kompyuta mbovu. Vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme vilikuwa vimevimba vichwa, nikaurudisha nilikoutoa bila hata kuuwasha. Wa tatu ulitoka kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha kompyuta zake. Kijani chake kimepauka, polepole wa kukutia usingizi, lakini tundu lake pana lipo. Mama alipita na ndoo, akaona nilivyozitandaza mbao zangu mezani.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema.

"Mama, jembe hili likikosea linaharibu kazi yote."

"Haya, chagua. Lakini ulime."

Nikaupima ule wa tatu. Nikazima kila kitu cha kubana umeme, kisha nikausumbua makusudi kwa kufungua madirisha mengi kwenye skrini, nione kama utachelewa. Namba hazikutikisika. Ubao mzee ulikuwa na jambo moja kichwani na ulikuwa unalifanya. Niliupenda pale pale.

Kesho yake nikamwita baba. Alikuja amevaa koti lake la kazi, lile la bluu, ambalo lilikuwa halijatoka kabatini tangu alipougua. Akasimama mahali pake pa siku zote, ubavuni mwa mashine. Nikabonyeza. Kisu kikaingia kwenye bamba, kikazunguka taratibu, kikakaribia kilipoanzia, kikapita pembeni kwa unene wa ukucha.

Baba alilipapasa pengo lile.

"Jaribu tena, mama," akasema hatimaye. Huniita mama anapotaka kuwa mpole.

Nikajaribu tena, na tena. Duara halikufunga, na pengo lilikuwa halina adabu, mara upande huu, mara ule. Nikaulaumu ubao. Nikabadili waya, nikabadili kisanduku cha umeme, nikaupima upya. Kwenye vipimo hauna kosa, kwenye chuma unaniaibisha. Baba akaanza kuuliza yule mnunuzi wa vyuma siku hizi anapatikana wapi.

Asubuhi moja mama alimpeleka kliniki, nikabaki peke yangu, nikakata duara. Likafunga. Nilipitisha ukucha pande zote, usipate pa kunasa. Nikacheza humo karakanani hadi nikagonga kiwiko. Waliporudi sikumpa baba hata nafasi ya kunywa maji, nikamkimbiza uani tukakata lingine. Halikufunga.

Safari hiyo nilikuwa sitazami skrini. Nilikuwa namtazama yeye. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya gurudumu la kusogezea meza ya mashine, gurudumu ambalo sikuwa nimeona sababu ya kulitoa. Mafundi wa rika lake ndivyo walivyo. Hata akikata mwingine, mkono wao utaukuta palepale, kwa sababu chuma, wanasema, husikilizwa kwa kiganja. Kiganja chake kilikuwa kinatetemeka juu ya gurudumu, na mota zangu ndogo zikizuiwa kidogo tu hupoteza hatua, na kompyuta haina habari.

Mimi si mtu wa kufumba maneno. Waulize wateja wangu. Lakini siku ile yalinikauka mdomoni. Mtu amechonga chuma umri wake wote, utamwambiaje kwamba kinachoharibu kazi ni mkono wake?

"Ni ubao," nikasema. "Nitatafuta mwingine."

Baba alinitazama. Kudanganya sijui, na yeye ndiye aliyenilea.

"Ulikata ulipokuwa peke yako?"

"Ndiyo."

"Kilete hicho kipande."

Nikampa. Akaviweka vipande viwili kando kwa kando, akapitisha kidole kwenye kimoja, akapitisha kwenye kingine. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, ambao wakati huo wote ulikuwa haujaondoka kwenye gurudumu.

"Ubao ni uleule?"

"Uleule, baba."

"Nipe spana."

Nilitaka kumfungulia mwenyewe, akanikataza kwa kichwa tu. Spana iliteleza, ikateleza tena, na mimi nikakaa juu ya viganja vyangu nisije nikamnyang'anya. Nati ikalegea. Akalitoa gurudumu, akaliweka sakafuni, akasogea nyuma na kufunga mikono mgongoni.

"Kata."

Duara likafunga. Baba akalipitishia kidole pande zote.

"Basi haiuzwi," akasema. "Lakini mimi sasa ni mtazamaji tu."

"Nani kasema? Huu ubao hautofautishi chuma na mkate. Haujui kisu kiingie kina gani wala kiende kwa mwendo gani. Kaa hapa uuambie."

Akakaa mbele ya kompyuta. Alianza na kina, akataka kuandika tano. Kidole kilitetemeka juu ya kitufe, na kwenye skrini zikajipanga tano nyingi. Akaurudisha mkono mapajani upesi, kama aliyeungua. Nilimsogelea, nikaingia kwenye mipangilio, nikaiamuru kibodi isihesabu kitufe kinachogongwa mara nyingi kwa mfululizo.

"Bonyeza tena, baba."

Akabonyeza. Kidole kilicheza palepale kama mwanzo. Kwenye skrini ikaja tano moja.

Akainamia skrini.

"Ubao haujaona," akasema.

"Haujaona nini?"

"Ninavyotetemeka." Akavuta kiti mbele, akaanza kutafuta namba ya pili.