Kompyuta Kati ya Wakwe

Kompyuta ilimwamkia Bi Limi asubuhi ya Jumatatu, saa moja kamili, na Bi Limi akafumba mdomo, kwa sababu hakujua kama kuiitikia ni utovu wa adabu.

"Shikamoo, mama," ilisema tena. Sauti ilikuwa ya kiume, ya mtu aliyebanwa na mafua, na haikuvuta pumzi popote. "Saa imefika. Chupa isiyo na uzi. Tone moja."

Alipapasa kwenye kistuli, akaipata chupa isiyo na uzi, akalala chali akajidondoshea. Dawa ikachoma. Hilo hakulijali. Kilichomtatiza ni ile shikamoo. Nani kamwamkia? Kama ni mashine, mashine ina wazazi gani walioifunza kuamkia watu wazima? Na kama ni mkwe wake Nkwabi, basi mkwe amemsemesha mama mkwe, na yeye akisema marahaba watakuwa wamesemezana, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwa miaka minne ya ndoa ya Lusia.

Kwao Bi Limi, kijijini nje ya Mhunze, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni wala hawaongei. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia, hata kama pembeni ni miba mitupu. Wapo waliolegeza siku hizi, wanaopeana mikono na wakwe zao stendi mchana kweupe na kuulizana habari za ng'ombe. Bi Limi alikuwa akiwaona na kutikisa kichwa. Hakuwa mtu wa kulegeza.

Lakini sasa alikuwa ndani ya nyumba ya huyo huyo mkwe, Kolandoto, kwa sababu ya jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho tangu mwaka juzi. La kulia, lililobaki, lilirukiwa na mwiba alipokuwa akikata kuni, likafanya kidonda. Alilazwa hospitali siku tisa, kisha akaruhusiwa akae jirani, kwa mwanawe, kwa sharti moja: dawa kila saa, mchana kutwa, bila kuruka, na likibadilika arudishwe upesi. Bila hivyo, daktari alisema, jicho litakwenda. Chupa zilikuwa mbili. Moja Lusia aliifunga uzi, ya asubuhi, mchana na jioni. Nyingine hakuifunga, ndiyo ya kila saa. Bi Limi aliweza kujitilia mwenyewe. Saa ndiyo hakuweza kuiona.

Mpango ulikuwa mzuri mpaka Jumapili. Lusia, ambaye ni mwalimu, alipangiwa kusimamia mtihani wa darasa la saba huko Geita, na kazi hiyo haina kusema mama yangu anaumwa. Jirani yao Asteria aliahidi kushinda na mgonjwa. Lusia akaondoka asubuhi, na jioni yake Asteria akapigiwa simu ya msiba, akafunga kanga kiunoni akaenda. Nyumba haikuwa na mtoto bado wa kutumwatumwa. Wakabaki wawili tu: mama mkwe sebuleni nyuma ya pazia, na mkwe uani, anakotengenezea pampu za kunyonya maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu.

Ndipo Lusia akapiga simu usiku huo akitoa wazo lake. "Mama, ile kompyuta kuukuu hapo mezani itakusemesha. Nkwabi ataandika, yenyewe itasoma. Kwa hiyo hamtakuwa mnaongea. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Bi Limi, ambaye hakuelewa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa. Ilitoka shuleni kwa Lusia, ilikokuwa ikiwasomea wanafunzi wasioona, na zilipoletwa mpya yeye akapewa hiyo. Kwa muda ilipiga kwaya. Kisha ikachoka kupiga kwaya, ikavikwa kitambaa cha kufuma, na mwaka mzima kazi yake ikawa kubeba chupa ya chai mgongoni. Sasa ilikuwa imepandishwa cheo.

Saa mbili ikaamkia tena. Saa tatu ikaamkia tena. Bi Limi alifikiri mpaka kichwa kikamuuma, kisha akafikia uamuzi. Ataiitikia mashine, kwa kuwa mashine hakuiozesha binti. Ikiwa mashine nayo itampelekea Nkwabi habari, hayo ni yao wawili.

"Marahaba, wewe kitu," alisema saa nne.

Uani nyundo ikaanza kugonga chuma kwa nguvu.

Mchana mlango ulikohoa, maana Nkwabi alikuwa na desturi ya kukohoa mara tatu kabla ya kuingia, na Bi Limi akageukia ukutani. Sahani iliwekwa. Vidole vikabofya, mashine ikasema, "Chakula kipo mezani, mama. Karibu," na hatua zikatoka mbio. Ulikuwa ugali na mlenda, na mlenda ule ulikuwa na chumvi ya kuhifadhia ngozi.

"Wewe kitu," alisema Bi Limi akishaweka tonge chini, "mwambie aliyekutuma kwamba nashukuru, ila chumvi apunguze."

Jioni chumvi ilikuwa imepungua. Karibu haikuwepo.

Bi Limi alikaa na hilo tonge mdomoni akishangaa. Basi kweli inapeleka! Moyo wake ulilainika kwa mashine ile, na kidogo, pembeni, kwa Nkwabi pia. Usiku ule aliisimulia mambo mengi: jinsi alivyoipinga ndoa kwa kuwa Nkwabi hakuwa na hata ndama wake mwenyewe, jinsi marehemu mume wake alivyomwambia yule kijana ana mikono, mwache. "Hayo usimpelekee," aliiambia mwishoni. Kisha akapata wasiwasi kama mashine inajua kuchagua.

Jumanne asubuhi jicho lilikuwa na mchanga. Ndivyo alivyohisi, mchanga wa moto, na machozi mazito yaliyoganda kwenye kope. Hata ule ukungu wa mwanga wa dirishani aliozoea kuuona ulikuwa umefifia.

"Shikamoo, mama. Saa imefika. Chupa isiyo na uzi. Tone moja."

"Marahaba. Sikia, wewe kitu. Jicho limebadilika. Linauma vingine. Mwambie anirudishe hospitali."

Uani nyundo ikagonga. Ikagonga kweli kweli, kama mtu anayepigana na pampu. Bi Limi akasubiri. Hakuna aliyekuja. Saa mbili mashine ikasema, "Shikamoo, mama. Saa imefika," akaiambia tena, na nyundo ikaanza tena. Saa tatu hivyo hivyo. Ni nini hiki? Chumvi ilisikika, jicho halisikiki? Kila akifungua mdomo, nyundo. Kila akinyamaza, nyundo inapoa. Mchana chakula kililetwa kimya kimya, bila hata karibu, na aliposema "wewe kitu" hatua zilikwisha kufika mlangoni.

Hapa yafaa nimtetee Nkwabi, maana asipotetewa atachukiwa bure. Jumanne alfajiri aliletewa pampu tatu kwa pikipiki kutoka Mwakitolyo, na wenye maduara hawangojei. Maji yakijaa chini kazi imekufa. Mashine alikwisha kuipanga tangu Jumatatu iseme yenyewe kila saa, yeye ashike spana. Na kila aliposikia sauti ya mama mkwe kupitia dirishani, alipiga nyundo ili asiyasikie maneno yake. Alidhani mama anasali, au anaongea kwa simu na dada zake. Mtu mwenye adabu hasikilizi maongezi ya mama mkwe wake. Ndivyo alivyolelewa, na sijui nani wa kumlaumu.

Bi Limi yeye alijua moja tu: amedharauliwa. Zile habari za ndama zimefika, alijiambia, na sasa ananilipa. Alilia jioni ile, na kulia kulimuumiza jicho, na maumivu yakamfanya alie zaidi. Aliuogopa upofu kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Simu hakuweza kuibonyeza bila kuona, na Lusia, akiwa kwenye mtihani, hakupiga. Alifikiria kuita kwa sauti, "Nkwabi!" Jina lilifika kwenye ulimi likakwama. Hakuwahi kulitamka mbele ya mwenyewe.

Jumatano aliamka kope zimegandana kabisa, giza tupu. Mashine ikamwamkia. Saa mbili ikamwamkia. Saa tatu ikamwamkia, kwa adabu ile ile ya mafua, na Bi Limi akasimama. Alipapasa meza, akakipata kile kisogo cha moto, akaufuata waya mnene kwa vidole mpaka ukutani, akavuta.

Mvumo ukakatika. Nyumba ikawa kimya hata akasikia kuku wakiparura nje.

Aliketi akangoja. Saa nne ilipopita bila sauti, nyundo nayo ilisimama. Hatua zikaja. Kikohozi kimoja, viwili, vitatu.

Bi Limi aligeukia ukutani. "Wewe kitu," alisema, "najua umekufa, nimekuua mimi mwenyewe. Lakini mwambie huyo aliyekutuma kwamba jicho langu linakwenda, na kama kosa ni zile habari za ndama, basi anisamehe."

Nkwabi alitazama kompyuta, akatazama waya sakafuni, akatazama tena kompyuta kama vile ingemsaidia. Hakuna aliyewafundisha la kufanya mjumbe akifa katikati ya habari.

"Mayu," alisema hatimaye, yaani mama kwa Kisukuma. Ilikuwa sauti nene, ya woga, na Bi Limi alishtuka, maana muda wote huo alikuwa amemzoea mwenye mafua. "Mayu, nimesikia. Tangu lini?"

Alijaribu kunyamaza. Jicho halikumruhusu. "Tangu jana asubuhi. Nimeiambia mara kumi na nne!"

"Umemwambia nani?"

"Hii!"

"Mayu, hii haina masikio."

Bi Limi aligeuza kichwa nusu. "Ina mdomo, haina masikio?"

"Ndiyo, mayu. Inasoma tu nilichoandika."

"Na chumvi je? Si niliiambia chumvi?"

"Chumvi iliisha," alisema Nkwabi.

Hakukuwa na muda wa kuona haya. Nkwabi aliitoa pikipiki anayobebea pampu, akafuta kiti kwa shati lake, na Bi Limi akapanda akiwa ameweka furushi la kanga kati ya kifua chake na mgongo wa mkwe. Kwenye tuta la kwanza furushi lilidondoka. Alimshika kiuno kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa marehemu mumewe, na hakuachia mpaka hospitali.

Daktari aliyewapokea aliitwa Rhoda, mtu wa Mbeya, mchangamfu, asiyejua chochote kuhusu mambo ya Usukumani. Aliosha usaha kwa maji ya chumvi, polepole, akazitenganisha kope, akamulika kwa taa yake kwa muda mrefu. Bi Limi aliuhisi mwanga ukiingia, kisha rangi ya ukuta, kisha umbo.

"Sasa ndiyo nataka kujua kama linaona," alisema daktari Rhoda. "Kaka, simama hapa mbele yake. Hapo hapo. Haya, mama, huyu ni nani?"

Umbo lilikuwa mbele yake, hatua moja tu. Lilikuwa na kichwa, mabega, uso. Bi Limi aliushusha uso wake chini upesi.

"Sioni mtu," alisema.

"Tazama vizuri, mama. Hata kivuli?"

"Hakuna mtu."

Daktari Rhoda alishusha pumzi. Alivuta karatasi. Bi Limi alisikia kalamu ikianza kuandika, akamsikia akisema kwa sauti ya chini, ya huruma, kwamba kama halioni kabisa watampeleka Mwanza, na huko huenda wakaona ni heri kulitoa kabla halijaleta shida zaidi. Alitaka kusema naona, daktari, naona. Lakini angesemaje ameona, wakati aliyesimama pale ni mtu asiyepaswa kuonwa? Akili ilimzunguka. Adabu ilikuwa upande huu na jicho upande ule, na yeye katikati hakujua aanze na lipi.

"Mayu," alisema Nkwabi, "nitazame."

Hakuinua uso.

"Nakuomba. Mimi ndiye ninayetaka unitazame. Mwambie daktari unachokiona."

Kalamu ilisimama. Bi Limi aliinua uso taratibu, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake akamtazama mkwe wake, na akaendelea kumtazama.

"Naona mwanamume," alimwambia daktari. "Shati la bluu. Lina grisi huku begani." Akasogeza kichwa ili aone vizuri zaidi.

"Analia," alisema. "Huyu ni Nkwabi, mkwe wangu, na analia."