Buick ya Abelardo Yapata Baridi

Kiangazi kile mume wangu Abelardo alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikuwa zimechoka, kwenye kliniki moja ya mji wa Hermosillo, Meksiko, nami ndiye niliyemwendesha. Kwenda hakukuwa na tabu. Kurudi ndiko kulikonitesa. Anatoka pale hoi, midomo imemkauka, anaingia kwenye gari letu la zamani, Buick, lililochomwa na jua tangu asubuhi. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Nilimfunika taulo bichi, nalo likakauka kabla hatujafika nusu ya njia.

Mafundi wawili waliniambia gesi ya kiyoyozi ya magari kama hilo haiuzwi tena, nitafute gari jingine.

Jumapili akaja Fermín, mdogo wake Abelardo, fundi wa majokofu, kabeba vifaa vyake.

"Shemeji, leo natibu hili tanuri lako."

"Litibu, ila usilitukane. Linakusikia."

"Afadhali lisikie, labda litaona haya."

Mabaki ya gesi ya zamani aliyanyonya kwa mashine, hakuyaachia hewani. Akamwaga mafuta ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, akasafisha mabomba, akabadilisha kile kikopo cha kukausha unyevu na mipira ya viungo vya mabomba. Abelardo alikaa kivulini akimkosoa.

"Umeruka mpira mmoja, kule nyuma."

"Kaka, wewe mgonjwa au msimamizi?"

"Vyote viwili."

Fermín akainama kuangalia. Kweli, ulikuwa umebaki mmoja. Tulicheka mpaka Abelardo akashika ubavu.

Kisha Fermín akanyonya hewa yote mabombani, akafunga, akasema tungoje tuone kama mshale wa geji, kile kipimo cha shinikizo, utasogea, maana ukisogea kuna panapovuja. Tukala tortilla, zile chapati nyembamba, na nyama kavu. Mshale ukatulia. Akajaza gesi ya aina mpya, inayouzwa siku hizi, akaweka pungufu kidogo ya ile ya kwanza, kama inavyotakiwa.

Akawasha injini. Niliweka mkono kwenye tundu la hewa, baridi ikanipiga, machozi yakanitoka.

"Sasa unalia nini, shemeji? Mgonjwa kapona."

"Asante, Fermín."

"Mshukuru kaka. Ufundi huu alinisukumia yeye, mimi nilitaka kupiga tarumbeta."

Jumanne, tulipotoka kliniki, Abelardo aliegemeza kichwa kiooni, na hatujafika darajani akawa anakoroma. Nyumbani sikuzima injini, ili baridi isikatike. Nilikaa naye garini nje ya geti, nikimshukuru Mungu na Fermín kwa pumzi moja, mpaka alipoamka mwenyewe akauliza kama tumeshafika.